Mtunza Stoo Aliyebakizwa na Kuachishwa Siku Moja

Kwa Mzee Mwenye Kampuni Zote Mbili (ambazo sasa ni moja),

MINTARAFU: KUUNGANISHWA KWA KAMPUNI YA MILANGO NA KAMPUNI YA VITASA, NA YALIYONIPATA

Mzee, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya na umekaa kitini, maana ni ya kuumiza kichwa. Changu kinaniuma tangu Jumatatu.

Kwa kuwa huku nyuma hujafika tangu ulipojenga ofisi ya ghorofani, naomba nijitambulishe. Mimi ndiye mtunza stoo wa Kampuni ya Milango. Mimi pia ndiye mtunza stoo wa Kampuni ya Vitasa. Stoo ni chumba kimoja kilichokatwa katikati kwa ukuta wa mbao wenye kidirisha. Miaka kumi na tisa iliyopita uliniambia nishike pande zote mbili kwa muda, mpaka apatikane mtu. Hajapatikana. Basi seremala akitaka kitasa, najaza fomu upande wa Milango, naipenyeza kidirishani, natoka nje, nazunguka uani, navua ovaroli ya bluu, navaa ya kaki, naisoma fomu yangu kama sijawahi kuiona, kisha naikubali au naikataa. Nimeshajikatalia mara nyingi tu. Mwaka juzi nilijiandikia barua ya onyo.

Sasa Jumatatu ofisa utumishi kaniletea bahasha mbili. Ya kwanza inampongeza mtunza stoo wa Vitasa kwa kuchaguliwa kubaki katika kampuni mpya. Ya pili inamshukuru mtunza stoo wa Milango kwa utumishi wake, inamtakia kila la heri, na inamtaka baada ya Ijumaa saa kumi jioni asionekane ndani ya geti. Mlinzi, ambaye mzaha haujui kabisa, kapewa karatasi mbili zenye picha: ya wanaoingia na ya wasioingia. Nimo kwenye zote mbili, na picha ni ile ile. Ameniambia kwa upole kwamba hana ugomvi nami, ila ikifika Ijumaa atafuata ya wasioingia kwa sababu ndiyo yenye muhuri. Nikakimbilia kwa ofisa utumishi. Akanijibu bila kuinua macho kwamba watunza stoo tulikuwa wawili, nafasi ni moja, uamuzi umeshapita, tukaelewane wenyewe.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba barua ya kuachishwa ifutwe na sote wawili tubaki. Malalamiko yetu ni haya:

1. Usaili haukuwa wa haki. Mtunza stoo wa Milango aliitwa saa tatu asubuhi, wa Vitasa saa nne, mbele ya watu wale wale na maswali yale yale. Wa Milango akapata alama hamsini na nane. Wa Vitasa akapata themanini na moja, kwa sababu maswali alikuwa ameshayasikia. Huo ni udanganyifu wa mtihani mchana kweupe, na mdanganyifu ndiye mliyempa hongera.

2. Mmembakiza mbaya. Nasema hivi nikimjua vizuri. Yule wa Vitasa ana roho ngumu, anakataa fomu kwa sababu imejazwa kwa wino mwekundu, na akiulizwa bawaba anajibu njoo kesho huku amezikalia. Wa Milango ni mtu wa watu. Seremala mkuu, yule tunayemwita Randa, akishagombana na wa Vitasa huwa anazunguka upande wa pili kuja kumsengenya kwangu. Namsikiliza, nampa pole, namwahidi nitaongea naye. Na kweli huwa naongea naye, ila hasikii. Juzi Randa alipopata habari kwamba anayebaki ni wa Vitasa, alikaa juu ya rundo la fremu akashika tama, akasema heri angeachishwa yeye.

3. Makabidhiano. Barua inaagiza anayeondoka amwonyeshe kazi anayebaki, kwa siku tatu, bila uchungu. Tumetii. Jumanne nilijionyesha mahali komeo zinapokaa. Jumatano nikajiuliza kama nina swali, nikasema sina. Lakini hilo la bila uchungu, Mzee, limenishinda. Mama watoto aliniona nakunja ovaroli ya bluu naitia mfukoni, akauliza kuna nini. Nikamwambia kuna mwenzangu kazini kaachishwa. Aliumia sana, akataka kujua kama huyo mwenzangu ana watoto. Nikasema anao wanne. Akasema masikini, mke wake ameshajua?

4. Hamkupunguza chochote. Mshahara tumekuwa tukipokea mmoja, hatujawahi kuugombania. Lakini tuangalie huko ghorofani. Binti yako alikuwa mkurugenzi wa Milango, na kaka yake mkurugenzi wa Vitasa. Tangazo lako ubaoni linasema nafasi moja mtu mmoja, asiyekubali aseme. Leo binti ni Mkurugenzi Mkuu, kaka yake ni Mkurugenzi Mtendaji, mkwe wako ni Mkurugenzi wa Muungano, na shemeji yako, ambaye siku yake ya kwanza aliingia stoo akauliza bawaba ni nini, ni Mkurugenzi wa Ufundi. Walikuwa wawili, wakaunganishwa, wakazaliana. Choo cha ghorofani nimekitolea funguo nne. Kwa hesabu hiyo hiyo, huku chini tulipaswa kuwa watunza stoo wanne, na wala tusingelalamika kubanana.

5. Hili naliandika kwa adabu zote, tena nimelifuta mara mbili. Kama kweli vitu viwili vyenye mwenyewe mmoja ni lazima viwe kimoja, basi tuanzie juu. Mimi ndiye niliyetoa mlango wa nyumba yako kubwa. Miezi saba baadaye nikatoa mlango mwingine, mbao ile ile, kipimo kile kile, wa nyumba nyingine ambayo sikuuliza ni ya nani. Uliagiza kwa mwandiko wako mwenyewe kwamba ufunguo wa hapa usifungue kule. Fomu ninayo. Napendekeza akina mama wa nyumba zote mbili waitwe kwenye usaili, mmoja saa tatu na mwenzake saa nne, maswali yale yale, na atakayepata alama za chini apewe bahasha, amkabidhi mwenzake jiko kwa siku tatu, bila uchungu. Ukilisimamia hilo ukatoka na macho yako yote mawili, nami nitaondoka bila kusukumwa na mlinzi.

6. La sita lilikuwepo na lilikuwa zito kuliko yote, ila upande wa Vitasa umelikataa. Umesema halina muhuri.

Mzee, sipingi maendeleo. Unganisha majina, unganisha mabango, bomoa hata ule ukuta wa mbao ukipenda. Lakini usimfukuze mtu mzima kwa kumshindanisha na yeye mwenyewe, halafu ukamwambia ameshindwa. Naomba jibu kabla ya Ijumaa saa kumi, na jibu hilo limfikie mlinzi kwa maandishi, maana ya mdomo hayamwingii.

Nisalimie wakurugenzi wote wanne kwa vyeo vyao. Nisalimie ofisa utumishi, Mungu ampe macho. Na watu wa nyumbani kwako nisalimie pia, kokote utakakoanzia.

Ni sisi watiifu wako,

Mtunza Stoo (Milango)
Mtunza Stoo (Vitasa)

Baada ya kuandika: Kwa kuwa barua ni ya watu wawili, nimezunguka uani kumpelekea mwenzangu wa Milango aweke sahihi yake. Amekataa. Anasema miaka kumi na tisa amekaa hapa na hii ya kuachishwa ndiyo barua ya kwanza kutoka kwako iliyowahi kumwambia ahsante. Ameikunja, ameiweka mfuko wa kifuani, na Ijumaa anaondoka zake. Nimembembeleza, nimemtisha, nimemtajia hata watoto, hataki kusikia. Kwa hiyo mimi niliyebakizwa sijui nitabakije, Mzee, maana miguu tunayo miwili tu.