Chupa ya Kijani ya Kizimba cha Kwanza

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wa chumba cha panya anastaafu. Mwenye kustahili kiti chake ni mimi. Miaka tisa nafagia mavi ya panya wa maabara bila kulalamika, isipokuwa kila siku. Mpinzani ni mmoja: Miwani, dada aliyekuja juzi tu, anayeandika daftarini hata panya akipiga chafya. Mke wangu ameshamwambia mama yake kwamba kiti nimepata. Mama mkwe anakuja Jumapili ya wiki ijayo kunipongeza. Maji nimeshayavulia nguo.

Jumanne, 5 Machi
Daktari amewadunga panya wote dawa kali ya saratani. Alitueleza kwamba ikitoka na mkojo huunguza utando wa ndani wa kibofu mpaka ukabanduka. Anataka kuona unavyoota upya. Hapo nikapata wazo. Nyuma ya nyumba yangu kuna majani machungu. Marehemu babu aliyatibia maradhi yote, isipokuwa lile lililomuua. Nimeyachemsha kwenye sufuria ya mke wangu. Aliuliza nini kimefia humo. Nikamwambia ni sayansi.

Jumatano, 6 Machi
Kizimba cha kwanza nimekiwekea dawa yangu kwenye chupa ya maji. Cha pili, maji matupu, tofauti ionekane. Daktari alituonyesha kibofu kwenye hadubini: utando umebanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Niliwahurumia panya. Kisha nikafurahi.

Jumatatu, 11 Machi
Maajabu! Kizimba cha kwanza utando unarudi. Seli za chini zimegawanyika, zimepanda, zinafunika jeraha. Nimeshachagua pa kuweka kiti changu: dirishani. Miwani akaomba tutazame na kizimba cha pili. Nacho kinapona vilevile. Sababu ni moja tu. Miwani ameniibia dawa.

Alhamisi, 14 Machi
Nimemshtaki kwa Daktari. Daktari akauliza, dawa gani? Mdomo uliponza kichwa. Miwani akafungua daftari: tangu Jumatano ya wiki iliyopita maji ya kizimba cha kwanza yana rangi ya kijani, panya hawanywi vizuri, wamekonda, chanzo bado anakitafuta. Daktari alinieleza kwa upole, na upole uliniuma kuliko kelele. Kibofu hujiponya chenyewe. Seli za chini hukaa kimya miezi, siku ya balaa zinaamka zenyewe, hazingoji majani ya mtu. Sasa jaribio lote linaanza upya. Kiti amepewa Miwani. Mimi nimepewa brashi na vizimba arobaini. Panya mmoja akaniuma vidole gumba, cha kulia na cha kushoto. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia sabuni.

Jumapili, 17 Machi
Mama mkwe kaja na kitambaa cha kutandika kwenye kiti changu cha ofisini. Mke wangu akanitazama. Nikasema ukweli, kwamba kiti bado kinatengenezwa.

Baada ya chakula mama mkwe akaniuliza vidole vimefanya nini. Nikamwonyesha. Cha kulia nimekuwa nikikipaka maji ya majani tangu Alhamisi. Cha kushoto sikukipaka chochote, dawa ilikuwa imebaki kidogo. Vyote viwili vimekauka, vimefunga vizuri.

Nimekaa nikafikiri sana. Dawa imepita kwenye damu, ikavuka mpaka mkono wa pili. Hata babu hakujua ina nguvu hiyo. Sufuria iko jikoni tena. Kesho asubuhi nampelekea Daktari vidole vyote viwili.