Urembo wa Ukuta wa Mbele

Mangobo, Kisangani, tarehe 15 Oktoba 2000

Tonton Mumbere mpendwa,

Nimeahidi mbele ya mama, dada yako, kwamba nitakueleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Uliandika kutoka Butembo kwamba umesikia redioni nyumba za Mangobo zilizopigwa mabomu katika vita vya mwezi wa sita zimekwisha kutengenezwa, kwa hiyo yale mabati sita uliyotuwekea unafikiri kumpa mtu mwingine. Tafadhali, soma kwanza. Jana Kamati ya Urembo wa Makazi ilituita kwenye uwanja wa shule, na kwa kuwa mkono wangu ni mwepesi katika imla, hotuba ya Mratibu, papa Émile, niliiandika yote. Hii hapa.

«Waheshimiwa wakuu wa utawala na wa jeshi, ambao hamkufika lakini mmewakilishwa na viti vyenu, waheshimiwa mapadri na wachungaji, wapendwa machifu wa mitaa, wafanyabiashara mashuhuri, wamama wenye subira, vijana mliokaa juu ya ukuta, shukeni, na mimi mwenyewe, Mratibu wa Muda wa Kudumu, ninayejisalimu kwa heshima zote ninazostahili! (Makofi, mstari wa mbele.)

Ni kwa furaha isiyo na mipaka, na kwa kuzingatia azimio namba saba la kikao chetu cha nne, ambacho kwa sababu cha tatu hakikufanyika kilihesabiwa kuwa cha pili, kwamba leo hii ninazindua rasmi Mradi wa Nyumba Changamfu, yaani réhabilitation, ukarabati wa sura ya makazi, awamu ya kwanza na ya mwisho, unaothibitisha kwamba nyumba haihitaji fedha ili ipendeze, inahitaji moyo, na moyo, wamama, mnao bure.

Wataalamu wetu walipita kila avenyu bila kushuka garini, wakagundua kwamba asilimia tisini na moja ya huzuni ya Mangobo inatokana na watu kutazama kuta zao. Donc, kwa hiyo, tundu la risasi lisizibwe ovyo kwa udongo, bali lizungushiwe rangi liwe ua. Matundu matano, hiyo ni bustani. (Kicheko.) Tundu la bomu, lile ambalo mbuzi anaweza kupita, linataka kalenda, ya mwaka wowote, maana anayetazama picha hasomi tarehe. Ganda la kombora, lililokwisha kulipuka tafadhali, likisuguliwa kwa majivu na ndimu, ni chombo cha maua ambacho hata Ulaya hawana. Na kitenge kilichochakaa, kikikatwa katikati na kufungwa mlangoni kwa utepe, mara moja nyumba inapata heshima, upepo na sebule!»

(Mama Angèle, muuza chikwange, ile mikate ya muhogo, akasimama: «Na paa, papa? Mvua iko inaingia!»)

«Asante, mama, kwa swali zuri, ambalo limejibiwa katika ukurasa wa arobaini wa ripoti. Paa, kitaalamu, si urembo. Mgeni anayepita barabarani ndani ya gari haoni paa, na mradi wetu unashughulikia kile kinachoonekana kutoka garini.»

(Mama Angèle: «Bon, basi mvua nayo ipande gari!» Watu walicheka mpaka askari akatuambia tunyamaze.)

«Nisikatizwe. Tangu nikabidhiwe mzigo huu sijalala, isipokuwa usiku, na baada ya chakula cha mchana. Nimefanya safari saba Goma kutafuta rangi ya njano, nikarudi na uhakika kwamba rangi ya njano ipo. Kila nyumba imetengewa ndoo moja ya chokaa, brashi moja na misumari minne ya kalenda! (Vigelegele. Mama hakupiga, lakini alinishika mkono.)

Ukuta mweupe! (Watu: Juu!) Huzuni! (Watu: Chini!) Nyumba Changamfu! (Watu: Juu!) Paa... (Mama Angèle: Wapi?)

Namalizia kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao ripoti yetu ya mwisho, pamoja na picha, iliwafikia tangu mwezi wa nane, wakaufunga mradi kwa pongezi. Ndiyo sababu zile ndoo za chokaa zihesabiwe kwamba mlikwisha kuzipokea na kuzitumia, tusirudi nyuma. Lakini namshukuru zaidi mama Katungu wa avenyu ya kumi na mbili, simama mama, ambaye kabla mradi haujafikiriwa alichimba mwenyewe udongo mweupe akapaka ukuta wake wa mbele, kwa ajili ya siku arobaini za marehemu mume wake. Mpiga picha wetu aliupiga ukuta huo kutoka kushoto, kutoka kulia na akiwa amechuchumaa, na hivyo tukapata nyumba thelathini. Bila wewe, mama, tusingekuwa na nyumba hata moja. Asanteni, Mungu awabariki.»

Tonton, mama alisimama kwa sababu aliitwa. Alisema polepole: «Papa Mratibu, njoo basi upige picha ya nyuma.» Akajibiwa: «Awamu ya pili, mama.»

Nyuma ya ukuta ule bado hakuna paa, vilevile kama ulivyoona siku ya mazishi ya papa wetu. Tunalala watu watano chini ya turubai moja, na mvua kubwa zimeanza. Lakini sitaki ufikiri tumekata tamaa. Mlangoni nimefunga kitenge cha zamani cha mama, na ganda moja nimelisugua kwa majivu mpaka likang'aa, nikatia maua mekundu ya uani kwetu. Ni mazuri kweli. Yananyeshewa tu, ndani ya nyumba.

Papa Timothée, anayeleta chumvi na maharagwe kutoka huko kwenu, anapanda ndege kesho na barua hii, na atarudi huku Alhamisi. Mpe jibu mkononi hata kama ni neno moja: mabati bado unayo?

Mtoto wako,
Élise