Farasi wa Mlango kwa Mlango

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata wazo. Si wazo dogo. Binti yangu anatimiza miaka saba Jumamosi, na kesho yake wazazi wa shule wanachagua mwenyekiti wa kamati. Mungu hapangi tarehe ovyo!

Mpinzani wangu ni mmoja tu. Mama Pacha, wa nyumba ya mwisho mtaani, ile yenye tangi kubwa la maji. Mwezi uliopita aliwafanyia pacha wake sherehe yenye jumba la upepo, lile la watoto kurukaruka ndani. Wazazi mpaka leo hawana habari nyingine. Mimi nilikuwepo. Lilikuwa jumba la kawaida tu. Nilipoingia lilipasuka, jambo ambalo lingeweza kumpata mtu yeyote.

Yangu itakuwa sherehe ya kauboi. Kofia, kamba, nyota za sherifu, na watoto kupanda farasi. Mtaa huu haujawahi kuona farasi! Atakayewaletea ndiye atakayekalia kile kiti chenye mikono, mbele kabisa, kwenye mikutano ya wazazi. Sisi wengine hukalia madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu. Nimeyakalia miaka miwili. Mgongo wangu unajua.

Nimemuuliza binti anataka nini siku yake. Kasema anataka keki, na mimi niwe nimekaa kando yake anapozima mishumaa, maana mwaka jana nilikuwa juu ya ngazi nikifunga bango. Nikamwambia ahesabu limekwisha. Mtoto hana makuu kabisa. Tena kanikumbusha jambo la maana: niazime ngazi.

Jumanne, 5 Agosti

Farasi hakuna. Nimepiga simu kwenye chuo kinachofundisha watu kupanda farasi. Bwana mmoja akaniuliza nina uwanja wa ukubwa gani. Nikasema ua wangu unatosha kuanika shuka sita. Simu ikakatika. Nikapiga tena, ikakatika tena. Mtandao siku hizi ni shida.

Halafu bahati ikaja yenyewe. Nilikuwa dukani kwangu (natoa nakala na kupiga picha za pasipoti, mkabala na shule) akaingia muuza maji kutoa nakala ya kitambulisho. Punda wake kamfunga nje. Nikamtazama punda. Punda akanitazama. Masikio marefu, sawa, lakini masikio hufichwa kwa kofia. Ukimwona kwa ubavu, kwa mbali, jua likikupiga machoni, ni farasi mtupu.

Tumeelewana. Jumamosi alasiri punda ni wangu, naye nitampiga picha za pasipoti bure. Akaanza kunieleza tabia za mnyama wake. Akasema, "Kaka, huyu ukishampakia mzigo, akifika mlango wa kwanza tu..." Nikamkatiza. Nimesoma mimi, siwezi kufundishwa punda. Punda afe, mzigo ufike, basi. Kuna la zaidi?

Punda anaitwa Diwani, kwa sababu hapiti mlango wa mtu bila kusimama. Jina halifai. Kuanzia leo anaitwa Radi.

Jumatano, 6 Agosti

Kadi za mwaliko zimekwisha! Si kadi hasa, ni matangazo, kama yale ya majambazi wa kauboi. Juu, herufi nene: ANATAFUTWA. Katikati, picha. Chini: MTU HATARI KWA FURAHA, kisha maelezo ya sherehe.

Mke wangu akauliza mbona picha ni yangu na si ya mtoto. Nikamweleza kwa upole kwamba mtoto hagombei chochote. Akanitazama kwa muda, akarudi kukata vitunguu. Akikata vitunguu kwa nguvu vile huwa ana jambo, lakini sikuwa na nafasi ya kuuliza.

Wino ulikuwa unakwisha. Maneno ya chini yametoka hafifu kidogo. Uso wangu umetoka vizuri sana, mweusi, wenye mamlaka. Nimebandika arobaini: kwenye nguzo, kwenye geti la shule, na mawili kwenye ukuta wa Mama Pacha.

Alhamisi, 7 Agosti

Askari wawili dukani asubuhi. Mmoja ameshika tangazo, anatazama picha, ananitazama mimi, anatazama picha. Kumbe maneno yaliyofifia ni mengi kuliko nilivyodhani. Yamebaki matano tu: ANATAFUTWA. MTU HATARI. HATA WEWE... Hayo mawili ya mwisho yalipaswa kuendelea na "umealikwa".

Nimeeleza kwa saa nzima. Wakaniambia nikabandue yote. Nimebandua thelathini na nane. Yale ya ukutani kwa Mama Pacha nilimkuta kayabandua mwenyewe, kayakunja vizuri, akanikabidhi na kuniambia pole, shemeji, kama kuna shida nyumbani nisione haya kusema. Ananiita shemeji! Huo ni ujanja wa kisiasa. Mtu mwema hivyo bila sababu hayupo.

Watoto darasani wamemuuliza binti kama baba yake amefungwa. Kawajibu bado.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya kazi za mikono. Kofia kumi na tano za karatasi za manila. Yangu ni kubwa kuliko zote, ina ukingo kama ungo. Nyota za sherifu nimezikata kwenye mifuniko ya makopo ya biskuti. Zinakata vidole, hivyo nimezizungushia plasta, na sasa zinafanana na vidonda. Kamba za kauboi ni kamba ya kuanikia nguo, vipande vitano. Nguo zimeanikwa kwenye viti.

Tatizo lilikuwa singa. Punda ana manyoya ya shingo mafupi, kama mswaki uliochoka. Kabatini kuna wigi la mke wangu, la kahawia, refu, halivaliwi ila kwenye harusi. Mwaka huu hatujaalikwa harusi yoyote. Nimelikata katikati, nusu ya singa, nusu ya mkia.

Mama mkwe amefika kusaidia kupika keki. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza yule ng'ombe wa pembeni ya choo ni wa nini. Nikamwambia ni mti wa miiba wa jangwani, nimeutengeneza kwa maboksi ya karatasi. Akasema, "Haya, mkwe wangu." Anavyolitamka neno haya ni kama anafunga faili.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimeloweka miguu kwenye beseni. Niandike kwa utulivu.

Saa tisa watoto walijaa. Wazazi pia, wamesimama ukutani na soda zao, Mama Pacha kati yao. Nikamtoa Radi nyuma ya nyumba. Wigi shingoni, wigi mkiani, kofia masikioni. Nikapaza sauti: watoto, farasi!

Kisha watoto wote kwa pamoja, kwa furaha ambayo sikuitarajia: "Diwaniii!" Kila mmoja anamjua. Amewaletea maji tangu wamezaliwa. Mke wangu hakumtazama punda. Alilitazama lile wigi, kisha mimi. Nikasogea upande wa pili wa punda.

Ua ni mdogo, ni kweli, hivyo nilipanga afanye mzunguko mmoja mfupi nje ya geti na kurudi. Nikawapandisha watatu, binti mbele, pacha wawili nyuma yake. Madumu manne hubeba kila siku, watoto watatu ni nini? Nikageuka kuwapungia wazazi mkono. Nilipogeuka tena, punda hayupo, kamba inanivuta.

Akafika mlango wa kwanza, kwa mwalimu mstaafu, akasimama. Nikavuta. Nikasukuma. Nikambembeleza. Nikamtisha. Kutwanga maji kwenye kinu. Mwalimu mstaafu akatoka na ndoo mbili, akauliza leo maji mbona yamevaa kofia.

Binti akaniambia, taratibu kabisa, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia: "Baba, anasubiri tushushe dumu."

Akamwambia pacha mmoja ashuke. Pacha akashuka, na punda akaondoka hapo hapo! Mlango wa pili, akasimama. Pacha wa pili akashuka, punda akaenda. Watoto wengine waliokuwa wanatufuata mbio wakaelewa mchezo kabla yangu. Wakawa wanapangana foleni, mmoja anapanda katikati ya njia, mmoja anashuka mlangoni. Nyumba kwa nyumba. Watu wakawa wanatoka kupokea mtoto wao wa zamu, wanasaini hewani, wanacheka. Wazazi wangu, wapiga kura wangu, wakatufuata wote na soda mkononi. Mimi nyuma na kamba, jasho linatiririka, ukingo wa kofia umelegea mpaka puani.

Na mlango wa mwisho wa Diwani ni upi? Nyumba yenye tangi. Hapo ndipo anapomalizia kazi kila siku. Hapewi mzigo tena, hupewa beseni la maji na maganda ya viazi, na haondoki mpaka jua lipungue. Akaingia uani kwa Mama Pacha kama mwenye nyumba, akainamisha kichwa kwenye beseni, wigi likaelea. Nilipomsukuma kwa nyuma alinipiga teke la paja. Shukrani ya punda ni mateke, wahenga walijua.

Watoto hawakutaka kuondoka. Mama Pacha akatoa mikeka. Mama mkwe akasema kama mlima hauji, keki itaenda, akaibeba kichwani mwenyewe mtaa mzima, hakuyumba. Sherehe YANGU ikahamia kwa mpinzani WANGU!

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa. Nikakumbuka bango langu lililoandikwa KARIBUNI KWA MWENYEKITI MTARAJIWA, na hotuba yangu ya dakika kumi na tano. Bango likifungwa juu ya tangi, uwanja unakuwa wangu. Binti alinishika shati, akasema wanakaribia kuwasha mishumaa. Nikamwambia wasubiri, narudi sasa hivi. Nikakimbia.

Ngazi ni nzito. Niliporudi nayo begani, wimbo ulikuwa umekwisha na moshi wa mishumaa ulikuwa unapanda. Kwenye benchi, kando ya binti, paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyekaa. Ameweka hapo kofia yangu, niliyoidondosha getini, kaisimamisha vizuri.

Ilikuwa imesimama bila kuegemezwa popote. Manila nzuri ile. Nitanunua tena kwa yule yule.

Jumapili, 10 Agosti

Matokeo. Mama Pacha, kura thelathini na moja. Mimi, mbili. Zimeharibika tatu, na mwalimu mkuu, mtu asiye na busara, akasoma kwa sauti kwa nini zimeharibika: zote tatu zimeandikwa Diwani.

Punda kanishinda kwa kura moja. Nimeomba zihesabiwe upya. Zikahesabiwa. Akapata nne.

Kura yangu moja naijua, niliipiga mwenyewe. Ya pili nilidhani ni ya mke wangu, nikamshukuru njiani. Akasema si yeye. Hajasema alimpigia nani, na tangu jana amefunga kitambaa kichwani, hasemi mengi.

Mwenyekiti mpya kakaa kwenye kiti chenye mikono. Mkono wa kushoto unalegea, nimeuona. Nilifurahi kidogo.

Jumanne, 12 Agosti

Siku mbili nimetafakari kwa unyenyekevu. Nimekosea wapi? Mtu mwenye hekima hujiuliza.

Nimepata jibu. Kosa ni punda. Punda ana njia yake na wateja wake. Ungemvalisha wigi la malkia, bado angepita mlango kwa mlango. Nilizungukwa na watu ambao hawakunieleza hilo mapema.

Leo muuza maji alikuja kuchukua picha zake. Akasema Diwani sasa kila mlango anageuza shingo kuangalia kama kuna mtoto wa kushuka. Mtaa mzima unamsalimia punda. Mimi hunisalimia yeye akiwa hayupo.

Jioni binti alikuja kukaa nami nikifuta rangi ya kijani kwenye maboksi. Akaegemea bega langu. Akasema sherehe ilikuwa nzuri, hasa kushuka na kupanda. Kisha akaniuliza kama anaweza kuomba kitu cha mwaka ujao. Nikamwambia aombe.

"Mwaka ujao tusiite watu, baba. Tukate keki sisi watatu tu. Mimi, mama, na wewe umekaa."

Lilinigusa, sitaki kudanganya daftari langu mwenyewe. Nikamkumbatia, nikamwambia nimemsikia.

Watatu. Nilikuwa nikilifikiria hilo tangu asubuhi bila kujua. Mteja mmoja aliyekuja kupiga picha ana mjomba mwenye ngamia. Nimempigia mjomba saa hii. Ngamia hana wateja mtaa huu, hajui mlango wa mtu yeyote, na anabeba watatu kwa mpigo.

Uchaguzi ni Agosti tena. Ngazi sijairudisha.