Kamati ya Bunduki ya Mkono wa Kushoto

Halmashauri ya Wilaya ya Chirunya, katika bonde la Zambezi, ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba imeunda Kamati Maalumu ya Kuchagua Bunduki ya Mkono wa Kushoto, na kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mwananchi atakayevunjwa ubavu na mnyama pori bila kamati kupewa taarifa.

Tangazo lilisomwa na Mtendaji Mkuu mwenyewe, Bwana Gwatidzo, mtu mwenye tumbo la wastani na dhamira kubwa. Alilisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza watu hawakupiga makofi.

Chanzo cha yote kilikuwa Zvidzai, mwindaji wa halmashauri, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaondoa tembo na nyati wanaovamia mashamba. Zvidzai ni mtu wa mkono wa kushoto tangu kuzaliwa. Bunduki ya halmashauri, ile kubwa yenye risasi nene kama kidole gumba, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu wa kulia. Sasa nyati dume mwenye jeraha la mtego alikuwa amehamia kwenye matete, kando ya bustani za wanawake, na hakuna aliyethubutu tena kuteka maji. Zvidzai alimwendea mara moja. Alirudi na shati lisilo na mgongo.

"Shefu," alimweleza mkubwa wake Gwatidzo ofisini, "risasi ya kwanza haina shida. Shida ni ya pili. Bunduki iko bega la kushoto, kishikio cha kukoki kiko kulia. Lazima niurushe mkono huu wa kushoto ng'ambo ya bunduki, nikoki, ndipo niurudishe. Nyati hasubiri mkono urudi."

Gwatidzo aliegemea kiti. "Kwa hiyo unaiomba serikali igharamie kukosea kwako. Anayepanga risasi ya pili ameshaidharau ya kwanza."

"Nyati hafi kwa moja, shefu."

"Na yeye nyati hutumia mkono gani?"

"Hutumia kichwa."

Gwatidzo alilitafakari jibu hilo kwa uzito, kwani kichwa hakikuwemo katika mpango mkakati wa halmashauri.

Zvidzai aliomba moja kati ya mbili: bunduki yenye kishikio upande wa kushoto, au ile ya mitutu miwili, ambayo haihitaji kukokiwa kati ya risasi na risasi. Duka moja la Harare lingeweza kuileta. Alihitaji gari kwa siku moja tu.

Lakini jambo zito haliamuliwi kwa gari la siku moja. Uchunguzi ulionyesha kwamba maonyesho makubwa ya bunduki hufanyika Ujerumani. Na kwa kuwa mkoa unakataza ofisa kwenda ng'ambo kukagua kifaa asichoweza kukitumia mwenyewe, ilibidi wajumbe wote wawe wa kushoto. Hapo ndipo Gwatidzo alipogundua kwamba yeye ni wa kushoto, ila fimbo za walimu zilimficha ukweli huo utotoni. Kufikia saa za chai, maofisa wengine wanne walikuwa wamegundua hivyo hivyo. Mwindaji hakuweza kuwa mjumbe, kwa sababu alikuwa na maslahi katika suala hilo.

Mchana Gwatidzo aliingia mgahawani na kumega sadza, ugali wa huko, kwa mkono wa kushoto. Mama Rudorwashe, mwenye mgahawa, aliivuta sahani.

"Baba, mkono huo haushiki sadza yangu. Kazi yake tunaijua."

"Huu sasa ni mkono wa serikali, mama."

"Basi serikali ikanawe!"

Gwatidzo alitoka na njaa, lakini akiwa na moyo wa mtu anayeteswa kwa ajili ya taifa.

Kamati ilikwenda, ikarudi na masweta mazuri, na bunduki. Kwa haki, bunduki ilikuwa safi: kishikio kushoto, kitako imara, uzito wa kumeza teke la risasi. Ilichaguliwa kwa sababu meza yake ilikuwa karibu na mlango wa kwenda kula. Kisha ikafungiwa ofisini ikisubiri sherehe ya makabidhiano, maana kifaa cha serikali hakianzi kazi kabla ya hotuba. Wakati huo nyati alimtoboa punda wa Mbuya Raviro, bibi mwenye bustani ya mwisho karibu na matete.

"Uingie kwenye matete na ile ya zamani kwa muda," Gwatidzo alimwambia Zvidzai.

"Kwa muda wa nani, shefu? Wangu au wa halmashauri?"

Gwatidzo aliona hapo dalili za utovu wa nidhamu. Akamsamehe.

Sherehe ilifanyika bustanini, ili mkaguzi kutoka mkoani, Bibi Dzvairo, ajionee mazingira halisi. Katika hotuba yake, Gwatidzo alikuwa amefika kwenye "kwa mkono wetu wa kushoto tunajenga kesho" mazingira halisi yalipokoroma. Matete yalitikisika. Kwaya ilipanda juu ya trekta.

"Zvidzai!" aliita Gwatidzo.

Zvidzai alikuwa ameshanyoosha mkono kuipokea bunduki mpya. Lakini Mbuya Raviro alisimama.

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu. Wewe umezaliwa tu hivyo. Hawa wamesomea Ujerumani. Mkubwa na atangulie."

Watu walipiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza kumpigia Gwatidzo makofi bila kuombwa. Aligeuka, akamkuta Bibi Dzvairo akimtazama kwa utulivu wa mtu anayesikiliza vizuri.

"Mbuya," alisema Gwatidzo, "ukoo wangu ni wa Nyati. Huyu ni mwiko kwangu."

"Mwiko ni kumla, mwanangu. Nani amekwambia umle?"

Gwatidzo akaingia kwenye matete na bunduki mpya. Ilibidi, kwani kukataa kungemlazimu kumweleza mkaguzi safari ya Ujerumani. Zvidzai alimfuata na bunduki ya zamani.

"Usiogope, shefu. Nipo nyuma yako na hii ya kulia. Si ulisema inatosha?"

Hatua chache mbele, matete yalifunguka, na katikati yake kulikuwa na pembe. Mkono wa kulia wa Gwatidzo, mtumishi wake mwaminifu tangu shule ya msingi, ulikimbilia kishikio upande wa kulia. Ulikuta chuma laini. Ukapapasa tena.

"Mimi ni wa kulia!" alipiga kelele, kwa sauti iliyofika hadi kwenye trekta. "Mungu wangu, Zvidzai, mimi ni wa kulia! Sote ni wa kulia!"

Akamsukumia Zvidzai bunduki mpya, akalala chini. Mlio wa kwanza ulisikika, na wa pili ukafuata kabla mwangwi wa kwanza haujavuka mto. Nyati akapiga magoti, akalala karibu na viatu vya Mtendaji Mkuu.

Wakatoka kwenye matete. Bibi Dzvairo aliwapanga mstari wanakamati watano mbele ya wananchi.

"Nataka kuelewa tu," aliuliza kwa upole. "Nani kati yenu bado ni wa kushoto? Anyooshe mkono."

Mikono yote kumi iliingia mifukoni.

Mbuya Raviro aliwatazama kwa huruma ya kweli.

"Maskini," akasema. "Kumbe hata mikono hawana."