Mlinda Mlango wa Intaneti ya Bure

Jumatatu, 4 Machi

Kikao saa mbili asubuhi, chumba cha wafanyakazi, kile kilicho nyuma ya stoo ya mizigo iliyopotea. Meneja katangaza: kuanzia Jumatano, intaneti ya bure kwa kila msafiri atakayepita katika uwanja wetu wa ndege. Makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nawaza.

Miaka kumi na mmoja nimeketi dawati la maelezo. Ndege ya saa nne iko lango gani? Niulize mimi. Choo kiko wapi? Niulize mimi. Huko niendako kuna baridi? Mimi. Uwanja huu una intaneti yake tangu zamani, imevaa tai na ina mvi kidogo kisogoni. Leo wanaleta nyingine, ya kuning'inia darini!

Lakini mwenye akili hanuni. Nikajiambia: kitu kipya kinahitaji msimamizi. Meneja alipouliza nani yuko tayari, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza sentensi. Kumbe alitaka mtu wa kufungua dirisha. Nikalifungua. Nililifungua kama mtu aliyeteuliwa.

Tabasamu alicheka. Huyu ni mwenzangu wa dawati, zamu ya mchana. Ana meno thelathini na mawili na kila abiria huonyeshwa yote. Wanampenda. Meno si maarifa!

Jumanne, 5 Machi

Fundi wa mtandao kaja na ngazi. Binti mdogo, hana hata miaka thelathini. Kaniamkia kwa adabu, kisha kapanda kufunga visanduku vyeupe vyenye taa ya kijani. Nilimshikia ngazi. Haikuwa inatikisika, ila kiongozi hushika.

Nikamuuliza abiria atafanyaje kuipata hiyo intaneti. Akasema atafungua simu, atabonyeza "Nakubali," basi. Nikauliza nani atamruhusu. Hakuna. Atamuuliza nani? Akasema hiyo ndiyo raha yake, mzee, hamna haja ya kumuuliza mtu.

Ilibidi nikae.

Nyumba isiyo na mlango si nyumba, ni kichaka. Nikaenda kwa Meneja. Alikuwa na simu sikio la kulia, nyingine sikio la kushoto. Nikamweleza kwamba usalama unadai neno la siri, na neno hilo litolewe dawati la maelezo. Akanipungia mkono. Mkono ule ungeweza kuwa wa "sawa" au wa "niondokee." Niliupokea kama "sawa."

Nikamwambia fundi Meneja ameridhia. Akaguna. Akauliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi na Meneja tumetoka mbali. Kweli tupu: asubuhi tulipanda lifti moja kutoka chini hadi juu.

Neno la siri nimelitunga mwenyewe: KaribuniWageniWetuWapendwa. Herufi kubwa nne, nafasi hakuna. Nimeandika mengi maishani, lakini hili limenitoka vizuri.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya ushindi!

Foleni ilitoka dawatini kwangu, ikapita mkanda wa mizigo, ikapinda kwenye nguzo. Wote wananitaka mimi. Wafanyabiashara, wanafunzi, rubani mmoja mwenye kofia. Rubani! Mtu anayejua njia za mbinguni alisimama mbele yangu akaniomba neno. Nikampa, nikamsisitizia hizo herufi kubwa.

Kasoro ndogo ndogo. Wageni hawawezi kuandika "Wapendwa." Wengine waliandika "Wapenda." Mmoja akaandika "Wapandwa," akanilaumu mimi. Ikabidi niwaandikie kwenye vikaratasi. Vikaratasi mia mbili na kumi. Kidole cha shahada kimevimba kama ndizi. Familia moja ya watu watano ilikosa neno mpaka ndege yao ikaitwa. Walikimbia wakinitazama. Kwa shukrani, nadhani.

Nyumbani nilimweleza mke wangu kwamba leo nimehudumia mataifa. Akaniuliza, "Baba watoto, si ulisema ni ya bure?" Nikamwambia ndiyo, bure, ila kwa utaratibu. Mama mkwe, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akasema bila kuinua macho, "Mkwe wangu amepewa maji ya mvua, ameyawekea mita."

Nilimpa heshima yake. Nikaenda kukikanda kidole.

Alhamisi, 7 Machi

Hujuma! Nimefika asubuhi na kukuta karatasi imebandikwa mlango wa choo cha wanaume: KaribuniWageniWetuWapendwa, maandishi makubwa kama bango la mkutano. Choo cha wanawake, nyingine. Mashine ya kahawa, nyingine. Mwandiko wa Tabasamu, ile "W" yake yenye masikio. Nikazibandua zote saba. Foleni dawatini kwangu: hakuna. Alikuja mtu mmoja tu, akaomba kalamu.

Dawa ya moto ni moto. Fundi leo hayupo, anamhamisha dada yake nyumba. Lakini juzi nilimtazama vizuri alipokuwa akifanya kazi kwenye kompyuta ya ofisi. Macho yangu hayaibiwi. Saa tatu kasorobo niliingia, nikabonyeza pale na pale, nikabadilisha neno la siri. Safari hii si la mchezo: jina la mama mkwe limegeuzwa nyuma mbele, mwaka aliozaliwa, halafu alama tatu nilizochagua huku nimefumba macho, hata mimi nisijue. Nikalinakili kwenye kikaratasi kimoja. Kimoja tu! Siri ya watu wawili si siri.

Akaja abiria wa kwanza, bwana mwenye mkoba wa ngozi, ana haraka. Nikampa neno kwa madaha. Akashukuru, akaondoka.

Akaja wa pili. Nikanyoosha mkono nichukue kikaratasi ninakili.

Kikaratasi hakipo.

Nilikimbia hadi lango la pili. Mlango wa ndege ulikuwa umeshafungwa. Niliitazama ikiinuka. Neno la siri la uwanja mzima limo mfukoni mwa bwana yule, linapaa.

Nikajaribu kukumbuka. Jina la mama mkwe nalijua. Mwaka aliozaliwa, kumbe sijui, niliukisia, na nilichokisia nimekisahau. Alama tatu, Mungu ndiye ajuaye. Nikarudi kwenye kompyuta nilibadilishe tena; nayo ikadai kwanza neno la sasa. Simu ya fundi haipatikani. Saa nne na nusu ikatangazwa kwamba kule mjini ziendako ndege zetu nyingi kuna ukungu, ndege zote za huko zimeahirishwa kwa saa tano nzima. Ukumbi ukajaa. Simu zikainuliwa juu kama watu wanatafuta mvua. Hakuna iliyoshika intaneti. Kelele!

Nikainama nyuma ya dawati nikijifanya natafuta kibanio cha karatasi. Nikasikia sauti juu ya kichwa changu.

"Mwanangu."

Mama wa makamo ya kuelekea uzee, kilemba cha kijani, begi limefungwa kamba. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu abebaye yai. Akaniambia hajui kusoma. Simu hii mwanawe ndiye aliyemtumia, na jirani akamwekea picha ya huyo mwanawe mbele. Akitaka kuzungumza naye, anabonyeza ile sura, inaita. Alfajiri jirani alimjaribishia kwa intaneti ya kwake, ikaita.

"Hapa nimebonyeza uso wake mara kumi," akasema. "Haitiki. Nimebonyeza na kwenye paji. Amepatwa na nini mwanangu?"

Nikamwambia hajapatwa na kitu, ni mtandao tu. Akauliza mtandao umepatwa na nini. Hapo nikakohoa.

Akaendelea. Miaka saba hawajaonana. Mwanawe ni dereva wa lori, ameomba ruhusa ya nusu siku kuja kumpokea. Asipomwona akishuka saa sita atajua mama ameogopa ndege, amerudi nyumbani, naye atarudi kazini. "Mimi kule simjui mtu. Nitashuka niende wapi?" Nikamuuliza namba ya mwanawe. Akanionyesha tena ile sura. Namba imo humo ndani, na humo ndani hakufunguki bila intaneti.

Mimi nina mambo yangu, nakubali. Lakini macho ya mama yule sikuweza kuyakwepa hata nilipojaribu.

Nikakumbuka Mzee Kikohozi. Huyu yuko dawati la maelezo la uwanja ule wa kule. Miaka tisa tunapigiana simu ya mezani kuhusu masanduku yaliyopotea. Sijawahi kumwona. Hukohoa mara mbili kabla ya kila sentensi, na ndivyo ninavyojua bado ni mzima. Nikainua simu. Kikohozi, kikohozi, akaniamkia. Nikamweleza yote: jina la mama, jina la mwana, lori, kilemba cha kijani. Akasema nisikate. Nikamsikia kwenye kipaza sauti chao, mbali, akiita jina la yule dereva. Akaita mara moja. Akaita mara ya pili. Kimya. Mama alikuwa amenishika kiwiko, na kila kimya kilipozidi, vidole vyake navyo vilizidi.

Akaita mara ya tatu.

Nikasikia viatu vinakimbia. Sauti ya mwanamume, inahema, "Mama? Mama yuko wapi?"

Nikampa mama simu. Aliigeuza kwanza kutafuta picha, kisha akaiweka sikioni. Alisikiliza tu. Halafu akasema, "Umekula?"

Macho yakaniwasha. Vumbi. Wasafishaji wa siku hizi hawafiki pembeni.

Baada ya hapo niliwekwa kati. Wengine kumi na watano walitaka vivyo hivyo. Mzee Kikohozi aliita majina mpaka kikohozi kikamwisha. Tabasamu aliingia zamu, akaona hali, akakaa pembeni yangu akaandika majina. Meno yake sikuyaona hata mara moja. Saa nane mchana fundi akafika na vumbi la makabati mwilini, akaingia ofisini, akabonyeza kwa dakika mbili, akafuta neno la siri kabisa. Simu zote ukumbini zikalia kwa pamoja kama ndege walioamka.

Mama alibonyeza uso wa mwanawe. Ukaitika. Alicheka peke yake, akaniita nimwone.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeitwa kwa Meneja. Fundi alikuwapo. Kumbe ile kompyuta hukumbuka kila aliyeigusa na saa aliyoigusa. Umbea wa mashine! Meneja akaniuliza nani alimruhusu nani. Nikamkumbusha ule mkono wake. Akasema mkono ule ulikuwa unafukuza inzi.

Inzi yule simkumbuki.

Akanipa bahasha moja yenye barua mbili. Ya kwanza ni ya onyo: kubadilisha mfumo bila idhini, kuwanyima wasafiri huduma, kuidhalilisha idara. Ya pili ni ya pongezi. Dereva wa lori alimwomba Mzee Kikohozi amwandikie Meneja kwamba katika uwanja wetu kuna mtu aliyemsaidia mama yake kumtafuta kwa simu ya mezani, na kwamba mama alifika, na jana alimwambia mwanawe amekonda.

Barua mbili, siku moja, mtu mmoja! Nimewauliza wenzangu wote. Hakuna aliyewahi.

Mke wangu alizisoma zote mbili polepole, moja mkono huu, moja mkono ule. Nikamwambia nitaweka ile ya pongezi kwenye fremu sebuleni. Akasema tuziweke zote, ukuta ni mpana. Mama mkwe akaomba asomewe. Akasomewa, nami nikamsimulia kisa chote. Akaniambia, "Ulipomwinulia simu yule mama, hapo ulikuwa mtu mzima." Nikakaa kifua mbele. Akaongeza, "Sasa mwaka wangu wa kuzaliwa uuulize, usiukisie."

Jumapili, 10 Machi

Siku ya mapumziko. Nimefikiri kwa utulivu, kama mtu mzima.

Hebu tazama mambo yalivyokwenda. Kama nisingeweka neno la siri, lisingepotea. Kama lisingepotea, mama yule angebonyeza uso wa mwanawe, ungeitika, angekaa zake kwenye kiti. Asingekuja dawatini. Mwana asingekimbia. Barua ya pongezi isingeandikwa. Kwa hiyo wema wote ule ulitokana na nini? Na utaratibu! Nilimweleza mke wangu hoja hii hatua kwa hatua. Alikwenda kuanika nguo kabla sijafika hatua ya tatu, na nguo zenyewe zilikuwa bado kavu.

Intaneti nawaachia. Mpeni fundi, mpeni Tabasamu. Mtu wa maono hasukumani mlangoni.

Lakini kuna jambo. Jana nilipopita karibu na lango la nne niliona bomba jipya la maji ya kunywa wamelifunga pale ukutani. Maji baridi, safi, bure. Msafiri anafika, anabonyeza, anakunywa, anaondoka. Haulizi! Hasalimii! Hajui hata kama kuna mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja hatua ishirini kutoka hapo!

Nimezungumza na fundi bomba. Nimemwambia Meneja ameridhia. Nilimsalimia kwenye maegesho, naye akatikisa kichwa. Koki imeshafungwa. Ufunguo ni mmoja tu, na ninapoandika haya uko shingoni mwangu, ndani ya shati, unanipa baridi kifuani kama nishani.