Mkono wa Ndugu Pettiford

Jumapili, 3 Mei 1936. Chicago.
Baada ya ibada akina mama wametangaza onyesho la piano. Muziki wote utakuwa umetungwa na wanawake wetu weusi, tena wa kiwango cha kati: si wa mtoto anayeanza, si wa bingwa. Kipande kimoja ni cha Dada Araminta Gaines, mwalimu wa piano wa mtaa wa pili, anayenipokonya wanafunzi kwa kuwapa nyimbo wanazozipenda. Njama chafu. Nikasimama, nikasema kiwango cha kati mimi nacheza huku nasoma gazeti. Mchungaji Whitlow akasema vizuri, basi cha Dada Gaines atakicheza Ndugu Pettiford, yaani mimi. Makofi mengi. Ya heshima, nadhani.

Jumatatu, 4 Mei.
Nota zimefika. Kurasa mbili tu. Nimecheka. Kinaitwa Siku ya Kufua. Mkono wa kulia unaimba kama mama anayeanika mashuka. Wa kushoto unasugua ubao wa kufulia, na hausugui pale unapoutarajia. Kufikia adhuhuri kicheko kimeisha. Bi Cordelia, mwenye nyumba wangu, amegonga kuuliza kama nahamisha kabati.

Jumatano, 6 Mei.
Nimepata dawa. Kama mkono wa kushoto ndio tatizo, basi uumie. Nimeufunga bendeji mpaka kiwiko, nikapita kanisani taratibu, uso nimeukunja. Dada Gaines akauliza kulikoni. Nikamwambia mlango wa tramu umenibana. 
"Pole, kaka. Na vidole ndiyo riziki yako."
Niliona haya kidogo. Ikapita.

Ijumaa, 8 Mei.
Balaa. Dada Gaines amekuja na pai ya viazi vitamu na ukurasa mpya. Amenitungia kipande cha mkono wa kulia peke yake, nisiachwe nje ya onyesho. Kizuri, kusema kweli. Nimemshukuru kwa sauti ya mgonjwa. Bi Cordelia alikuwa jikoni akicheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 10 Mei.
Siku ya onyesho. Nilichelewa kuamka. Nikajifunga bendeji haraka, nikakimbia. Nilipokaa kwenye piano kanisa likanyamaza, kisha likaanza kunong'ona. Nikatazama. Bendeji ilikuwa kwenye mkono wa kulia.
Dada Gaines akaja, akainama sikioni kwangu.
"Ndugu Pettiford, maumivu yamehama?"
Nikamwambia yamekwisha yote. Nikafungua bendeji mbele ya watu. Mchungaji akasema Bwana asifiwe, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Dada Gaines akaniwekea Siku ya Kufua.
Nikaanza. Ukurasa wa kwanza nilisugua ovyo. Wa pili nikapotea kabisa, mkono wa kushoto ukasimama. Hapo akina mama wa viti vya mbele wakaanza kupiga miguu sakafuni, taratibu, mahali hasa ambapo ubao husuguliwa. Nadhani wote wamewahi kufua nguo za watu. Mama yangu alifua za watu Alabama mpaka mikono ikapasuka. Sikuwa nimemfikiria siku nyingi. Nikafuata miguu yao, nikafika mwisho, macho yananiwasha.
Dada Gaines akaniambia kwa upole kwamba Alhamisi jioni huwa ana nafasi ya mwanafunzi mmoja. Mtu mzima pia anakaribishwa.

Alhamisi, 14 Mei.
Nimekwenda kwa Dada Gaines. Si kujifunza. Bi Cordelia nimemwambia wazi: nakwenda kumkagua, maana mtu anayefundisha watoto wa mtaa huu lazima achunguzwe na mwenye ujuzi. Bi Cordelia akasema sawa, basi nisisahau kubeba nota zangu.
Ukaguzi umekwenda vizuri. Ameniambia nirudie mstari wa tatu polepole. Nimerudia, ili nimpime. Akasema bado. Nikarudia tena. Masikio yake si mabaya. Nitaendelea kumsimamia kila Alhamisi mpaka atakapokuwa tayari.