Mistari Sita ya Mama Dorika

Jumatatu, 9 Februari
Alfajiri nimehamisha tuta la mpaka wa jaruba langu la mpunga hatua mbili, kuingia kwa jirani, Mama Dorika. Sijaiba! Tuta la udongo hata mvua hulisogeza. Na hizo hatua mbili tayari zina mpunga wake, umeshapandwa. Sikuinama kupanda hata mara moja. Lupiro nzima hakuna kichwa kama changu.

Jumanne, 10 Februari
Mama Dorika kapita shambani. Nimempa shikamoo ndefu. Kaitikia, kisha kauliza tangu lini napanda kwa mistari. Nikatazama. Lo! Mimi mbegu namwaga tu, kama marehemu baba, iangukie inapotaka. Yeye hupandikiza miche kwa kamba. Jaruba zima vurugu, halafu pembeni mistari sita imenyooka! Nikamjibu kwamba nafanya majaribio ya kilimo cha kisasa.

Jumatano, 11 Februari
Balaa. Bibi shamba wetu, Herieth, kasikia habari za majaribio. Kafurahi mno. Ijumaa analeta wakulima ishirini niwafundishe! Mke wangu Serafina kaniomba nirudishe tuta leo leo, maana kijiji kikijua tutanyang'anywa shamba, na ndilo linalotulisha. Kalia kabisa. Nimemwambia atulie, nina mkakati.

Ijumaa, 13 Februari
Mkakati ulikuwa kuongea sana. Herieth akataka vitendo. Nikashika kamba, ikanizunguka miguu, nikakaa kwenye tope mbele ya watu. Akaombwa Mama Dorika anisaidie. Akachomeka kijiti kwake, akavuta kamba juu ya tuta mpaka kwangu. Ikagusa kila shina, kwake na kwangu, bila kukosa hata moja! Halafu kicheko. Mwenyekiti wa kitongoji akataka nipelekwe kwenye baraza la kijiji. Mama Dorika akasema hataki kesi, anataka tuta lirudi, tena wote wakitazama. Nimelirudisha peke yangu. Kiuno hakinyooki.

Jumapili, 15 Februari
Padri kahubiri juu ya watu wanaovuka mipaka. Kanisa zima likageuka kunitazama. Nimetubu, machozi yamenitoka. Njia nzima ya kurudi nimetafakari kosa langu, na nimelipata: mistari! Jirani wa upande wa pili, Nikodemu, humwaga mbegu kama mimi. Kwaresima inaanza Jumatano. Bado nina Jumatatu na Jumanne.